Homa ya Ini B na Kazi Zetu

(Mazungumzo ya halmashauri ya tawi kwa wanachama wa Nyayo Highrise, Kibera na Kawangware)



Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja afagiaye wodi alituuliza: ikiwa kirusi cha homa ya ini B hubadilika kila mara, chanjo ni ya nini? Hatukuwa na jibu siku ile. Leo twalo.

Maandishi ya urithi wa kirusi hiki ni mafupi, kama herufi 3,200 tu, lakini hunakiliwa ovyo. Mfikirieni mpiga taipu akataye stensili ya gazeti letu hili asisome tena alichoandika (wapo!). Makosa mengi hukidhuru kirusi chenyewe, machache hukifaa. Hivyo, kwa muda mrefu sana, kimegawanyika jamaa kumi, A mpaka J. Hapa Kenya wataalamu, wakiwamo wa KEMRI pale Mbagathi tupitapo kwa miguu, wameona zaidi jamaa A, tawi la A1, na D kwa uchache. Tawi la A1 si la kuchezewa: limehusishwa na saratani ya ini kwa watu wangali na nguvu za kazi.

Hata hivyo chanjo yazuia jamaa zote hizo. Mabadiliko ya ganda yawezayo kuikwepa yapo, ila ni nadra. Watoto wa Kenya wachanjwa tangu 2001. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, wengi hatukupata. Mtu mzima huchomwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu mwezi wa sita.

Penye taabu kubwa zaidi ni dawa. Lamivudini ikitumiwa peke yake, kirusi hujifunza kuishinda. Tenofovia hushindwa kwa nadra mno. Basi asiwepo mtu wa kuacha vidonge kwa shauri lake, maana ini laweza kuwaka ghafula. Tena liko badiliko liondoalo alama iitwayo “e” katika damu. Cheti chasema “e” hakuna, mtu afurahi, kumbe kirusi chazidi kuzaana. Ulizeni kipimo cha wingi wa kirusi.

Sasa kazi. Damu iliyokauka huweza kuhifadhi kirusi siku saba. Mzoa taka achomwaye na sindano ndani ya mfuko, dobi wa mashuka ya hospitali, kinyozi na wembe wake, hao ndio tuwasemao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, navyo si vya kukatwa mshahara. Twamjua mwajiri mmoja aliyetoa glavu jozi moja kwa mwezi, akataka ashukuriwe.

Wengine waogopa kupimwa wasije wakafukuzwa. Twasema wazi: kirusi hiki hakiambukizi kwa kula ugali sahani moja wala kwa kupeana mkono. Atakayefukuzwa kwa sababu hiyo alete barua yake ofisini siku hiyo hiyo.

Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yatiririkayo, aandikwe katika kitabu cha ajali, na aende hospitali kabla ya saa 24 kupita. Watakao chanjo wampe karani majina yao kabla ya mwisho wa mwezi. Tutayapeleka kwa waajiri yote pamoja.