Matembele Karibu na Mlango
Mazungumzo na wamama na wababa wa Likasi, siku ya kupima watoto

Mbele ya kupima kilo za watoto, tuzungumze juu ya chakula ambacho kila mtu wa hapa anakijua: viazi vitamu, pamoja na majani yake tunayoita matembele.

Pengine mmoja anasema moyoni: "Huyu mama anakuja kutufundisha matembele? Tunayakula tangu tungali watoto!" Ni kweli. Lakini nina maulizo matatu, na kila mtu ajijibu mwenyewe. Viazi unavyopanda, ndani vina rangi gani? Mwezi wa kwanza, wakati bunga inakuwa bei kali, matembele yalikuwa katika chungu chako au ulikwenda kuyatafuta sokoni? Na udongo ule unamopanda, unajua habari yake?

Mtu anayeweza kujibu vizuri maulizo haya matatu, watoto wake wana dawa karibu na mlango.

KWANZA: RANGI YA KIAZI

Bukari inashibisha na inampa mtoto nguvu ya kucheza. Lakini bukari ya mahindi meupe haina vitamini A. Vitamini hii inalinda macho, na inasaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto akiikosa, anaanza kuona vibaya jioni. Jua likishuka anajigonga kwa viti, anashindwa kuokota kitu kilichoanguka mbele yake. Mama anafikiri ni mchezo au uvivu. Kumbe ni ugonjwa. Ukiachwa, jicho linakauka, na mtoto anaweza kuwa kipofu.

Tena mtoto wa namna hii, kuhara kunamlemea, na surua, ile tunayoita rujole, inampata vibaya kuliko mwenzake. Munakumbuka mlipuko wa surua wa mwaka 2018 hata 2020. Katika nchi yetu uliua watoto zaidi ya 7,000. Musielewe vibaya: ngao ya surua ni chanjo, na hakuna kiazi kinachochukua nafasi ya chanjo. Vilevile musikatae kidonge cha vitamini A, kile cha buluu kwa watoto wa miezi 6 hata 11, na kile chekundu kwa watoto wa mwaka 1 hata miaka 5. Lakini kidonge kinatolewa mara mbili tu kwa mwaka. Chungu kinapikwa kila siku.

Sasa angalieni. Kiazi cheupe ndani kinaleta nguvu, lakini vitamini A karibu hakina. Kiazi chenye rangi ya papai ndani kinayo mingi. Kipande cha gramu 125, ni kusema kiazi kidogo tu kilichochemshwa, kinamtosha mtoto wa chini ya miaka 5 kwa siku nzima. Mwaka 2016 watu wanne walipewa Zawadi ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kuongeza vitamini katika mazao. Watatu kati yao waliipewa kwa ajili ya kiazi hiki, na mmoja wao ni Mwafrika wa karibu yetu, Robert Mwanga wa Uganda. Kwa hiyo kiazi cha rangi ya papai si chakula cha maskini. Ni chakula cha watu wenye akili.

"Mama, na kama niko na viazi vyeupe tu?" Basi kula majani yake. Matembele ya kiazi cho chote yana vitamini A, na tena yana kitu cha kusaidia damu. Pika na mafuta kidogo, kwa sababu mafuta yanasaidia mwili kuipokea vitamini. Ukiwa na karanga zilizotwangwa, ongeza. Usiyachemshe hata yakapoteza rangi yake, na maji yake usimwage.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Kutoka miezi 6, ponda kiazi laini, changanya na maji kidogo ya matembele na tone la mafuta, na aendelee kunyonya.

PILI: UDONGO

Hapa nawaomba musikilize sana, kwa sababu Likasi si mji kama mingine. Mji huu ulijengwa juu ya shaba, tangu ulipoitwa Jadotville. Shaba na kobalti vimelisha jamaa nyingi. Lakini vumbi lake linaanguka juu ya majani, na maji yake yanaingia katika mashamba. Mwaka 2009 waganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Waliona ya kwamba watu wanaokaa chini ya kilometre 3 toka migodi au viwanda wana kobalti na madini mengine mengi mwilini. Utafiti uliofuata ulionyesha njia mbili kubwa za kuingia: chakula kinacholimwa karibu, na vumbi. Kwa watoto vumbi ni njia kubwa, kwa sababu wanacheza chini na kutia mikono mdomoni.

Mzee mmoja atasema: "Tulilima hapa tangu zamani, na hatujakufa." Mzee, sumu ya namna hii haiangushi mtu siku moja. Inaingia pole pole, na mtoto anaumia mbele ya mtu mkubwa.

Je, tuache kulima? Hapana. Mtoto bila mboga anaumia pia. Tuchague mahali.

Usipande karibu na ukuta wa kiwanda, wala juu ya malundo ya mabaki ya migodi. Usipande kando ya barabara ambako malori ya madini yanapita. Usinyweshe na maji ya mto unaotoka kiwandani, hata kama yanaonekana safi. Ukiona mahali pasipoota miti, ni majani mafupi tu na maua madogo ya zambarau, ujue wazee wa migodi waliyatumia maua yale kama alama ya shaba. Mahali pale si pa matembele.

Kama parsele yako iko karibu na kiwanda, ndugu zetu wa Shituru na Panda, tafuteni udongo mzuri kutoka mbali, muchanganye na mboji, mutie katika mifuko mikubwa ya bunga iliyotobolewa chini. Katika mfuko mmoja kamba tatu zinatosha. Mboji inasaidia kushika madini yasipande katika mmea, lakini haiyaondoi yote.

Osheni matembele mara tatu katika maji safi, na mumenye viazi. Lakini mujue: kuosha kunaondoa vumbi la juu tu. Kitu kilichokwisha kuingia ndani ya jani hakitoki kwa maji wala kwa moto. Ndiyo sababu kuchagua udongo ni kazi ya kwanza.

TATU: KUPANDA

Mvua yetu inaanza karibu na mwezi wa 11, inamalizika mwezi wa 3 au wa 4. Njaa inakuja katikati, mwezi wa 12 hata wa 2, wakati mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya yangali shambani. Ukipanda kamba mvua inapoanza kushika, mwisho wa mwezi wa 12 unaanza kuchuma majani. Viazi vyenyewe vinakuja baada ya miezi 4 au 5. Munaona? Jani linamlisha mtoto katika mwezi wa njaa, mizizi inakuja baadaye.

Kata kamba kwenye ncha, urefu wa rula ya mtoto wa masomo, ni kusema santimetre 30. Usikate sehemu ya chini iliyo karibu na mizizi, kwa sababu mdudu wa kiazi anataga mayai yake pale. Usichukue kamba ya mmea uliodumaa au wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya manjano. Ule una ugonjwa, na ugonjwa unahama pamoja na kamba.

Inua tuta la santimetre 30 kwenda juu, na toka tuta moja hata lingine acha hatua moja. Laza kamba kidogo, zika zaidi ya nusu yake, acha ncha nje. Toka kamba moja hata nyingine acha santimetre 30. Matuta matatu ya metre 5 yanachukua kamba karibu 50. Hata parsele ndogo inaweza kupata nafasi hiyo.

Mbolea ya kuku au ya mbuzi, tia kidogo na iwe imeoza. Ukitia mingi, utapata majani ya kupendeza na chini hutakuta kitu. Majivu ya kuni ni mazuri, yanasaidia mizizi.

INNE: KUTUNZA

Palilia juma la tatu na la sita. Baadaye kamba zinafunika udongo zenyewe. Ukichuma, chukua ncha chache kwa kila mmea, na upumzishe mmea majuma mawili au matatu. Mtu anayekwangua majani yote asilalamike ya kwamba viazi ni vidogo. Ni vizuri kutenga tuta moja la majani, na mengine kuyaacha kwa viazi.

Adui mkubwa ni yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa viazi. Anaingia kupitia nyufa za udongo. Kwa hiyo, tuta likipasuka, rudisha udongo juu ya mizizi. Usiache viazi shambani hata kiangazi kikali, maana udongo ukikauka nyufa zinakuwa nyingi. Kiazi kilichotobolewa kinakuwa kichungu, na kina sumu. Usimpe mtoto, usimpe mbuzi wala nguruwe. Kizike kwenye shimo refu. Mwaka unaofuata, pale palipokuwa viazi panda karanga au maharagwe.

TANO: KUOKOA MBEGU

Sasa tunafika mahali wengi wanaposhindwa. Kiangazi chetu kinapita miezi 5. Kamba zinakauka, mbuzi wanamaliza zilizobaki. Mvua ikianza, kila mtu anazunguka kwa jirani kuomba kamba. Akizipata, ni katikati ya mwezi wa 1, na miezi ya njaa imekwisha kufika nusu. Mtoto hakupata jani wakati alipolihitaji. Hakukosa kwa sababu ya uchawi wala kwa sababu ya franga. Alikosa kwa sababu kamba hazikutunzwa.

Kuna njia mbili za kufanya.

Njia ya kwanza: tengeneza kitalu kidogo, metre moja kwa metre moja, karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Maji ya kusuuza, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha kukilinda hata mvua irudi. Zungushia miti au miiba kwa ajili ya mbuzi.

Njia ya pili inatumiwa na wakulima wa Uganda na wa nchi nyingine zenye kiangazi kirefu. Siku ya kuvuna, chagua viazi vizima, visivyo na kidonda wala tundu, vya mmea wenye afya. Vipange katika beseni, viazi na mchanga mkavu kwa zamu, bila kugusana. Weka mahali penye baridi na pakavu ndani ya nyumba. Viangalie kila mwezi, uondoe kinachooza. Katikati ya mwezi wa 9, vizike katika kitalu na uvinyweshe kila siku mbili au tatu. Kila kiazi kitatoa kamba nyingi, na mvua inapofika mbegu yako iko tayari.

Mwenye kamba za kiazi cha rangi ya papai asifiche. Mpe jirani. Kamba ukimpa mwenzako haipungui, na siku mbuzi wakikumalizia zako, utajua pa kuomba. Ambaye hana kabisa, aulize agronomo au reko wa mtaa wake.

MUKUMBUKE

1. Kiazi cha rangi ya papai na matembele vinalinda macho na mwili wa mtoto.
2. Chanjo na kidonge cha vitamini A vinabaki pale pale.
3. Chagua udongo ulio mbali na kiwanda, mabaki ya migodi na maji yake. Osha mara tatu, na ujue ya kwamba kuosha hakuondoi yote.
4. Panda mvua inapoanza, kamba za ncha tu.
5. Usichume majani yote. Funika nyufa.
6. Kitalu cha kiangazi ndicho chakula cha mwezi wa kwanza.

Mtoto akionekana haoni vizuri jioni, usingoje siku ya kupima. Mlete siku ileile.

Sasa mushike karatasi za kilo mikononi, wenye watoto wadogo zaidi watangulie. Mwenye ulizo aje tuongee wakati wengine wanapima.