Kidonda na Kovu

 

Juma lililopita nilikwenda kusoma Misa kigangoni Kigwa, mashariki ya Tabora. Baada ya Misa niliketi chini ya mwembe pamoja na watoto wa mafundisho ya Kipaimara. Nikawasikia wakibishana juu ya filamu ya katuni waliyoitazama kwenye kibanda cha video, nikawaomba wanisimulie. Kumbe ni hadithi iliyotengenezwa Marekani kati ya 2005 na 2008, iitwayo Avatar: The Last Airbender. Ndani yake yumo mfalme katili aliyemchoma mwanawe usoni kwa moto, kisha akamfukuza nchini. Mwana huyo, Zuko, azunguka dunia na kovu lake akiwatesa wasio na hatia, ili tu baba yake apate kumpokea tena. Anayemsaka zaidi ni mtoto mwingine, Aang, ambaye watu wa taifa lake wote waliangamizwa na majeshi ya ufalme ule ule. Hao ni watoto wawili wenye majeraha makubwa. Mmoja aumiza, mwingine aokoa.

Binti mmoja akaniuliza: "Padre, yule mbaya aliumizwa kwanza. Sasa kosa ni la nani?"

Sikumjibu upesi. Swali lile lilinigusa mahali panaponiuma, nami nitawaambieni sababu yake baadaye. Kwanza tutazame pale tulipokuwa tumeketi.

Kigwa ipo kando ya njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke waliipita nchi hii mwaka 1857 wakielekea Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Wapagazi Wanyamwezi waliipita na pembe za ndovu mabegani. Waliipita pia watu waliofungwa kongwa shingoni, wanaume, wanawake na watoto, ambao hatutayajua majina yao kamwe. Ardhi hii imelowa machozi.

Katika karne ile waliinuka vijana walioitwa rugaruga. Bibi zetu walipotaja jina hilo, watoto walinyamaza. Walichoma vijiji, wakapora misafara, wakateka watu. Lakini tuulize: rugaruga walikuwa watoto wa nani? Wengi wao walikuwa mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioasi misafara, vijana waliong'olewa kwao kama mche usio na udongo. Aliyewakuta hivyo akawapa bunduki, bangi na jina la kutisha. Mirambo, ambaye kwa haki twamkumbuka kama mtawala hodari, aliwatumia katika vita vya 1871, moto ulipofika hadi Tabora. Nyungu ya Mawe wa Ukimbu aliwatumia vilevile. Yeye alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, na aliinuka baada ya ndugu yake, mtemi Mnywa Sele, kushindwa na kuuawa mwaka 1865. Jina lake maana yake ni chungu cha mawe. Chungu cha udongo hupasuka kikianguka. Cha mawe hakipasuki, bali humvunja kinachomwangukia.

Hata Watuta, waliokuja kushirikiana na Mirambo, walikuwa tawi la Wangoni waliokimbia vita vya wakati wa Shaka huko kusini. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835. Wakimbizi wa moto wakawa wachomaji. Hivyo ndivyo maumivu yanavyosafiri, ndugu zangu: hutoka mkono hadi mkono kama mzigo wa msafara, na kila mpagazi humtwika mwingine aliye dhaifu kuliko yeye.

Je, basi kila aliyeumizwa lazima aumize? Hapana. Katika njia hiyo hiyo ya kutoka Pwani alipita kijana mwingine, jina lake Adriano Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 katika nchi ya mto Niger, katika Mali ya leo. Angali mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa huko Algeria, wakamlea, wakampeleka kisiwani Malta kusomea utabibu. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu, na mwaka uliofuata alikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alikaa kama katekista na tabibu kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Alifunga vidonda vya watu, akajifunza na dawa za wenyeji, akaoa, akamtoa mwanawe mmoja kwa Mungu awe padre.

Tazameni jambo hili. Mtoto wa rugaruga na mtoto Atiman waliumizwa na biashara ile ile. Wote wawili walinyang'anywa mama, lugha na nyumba. Mmoja alikuja kwenye nchi yetu na mwenge, mwingine na bandeji. Tofauti ilitoka wapi?

Mimi naona mambo mawili. La kwanza, kuna aliyempokea Atiman kabla hajapokewa na bunduki. Mtoto aliyeumizwa hakai mkono mtupu; lazima atapokewa na mtu. Asipopokewa na mwema, mwenye vita yupo mlangoni. Hata watoto wa Kigwa walinikumbusha kwamba yule Zuko wa katuni hakuwa peke yake. Alifuatana na baba yake mkubwa, mzee aliyempoteza mwanawe vitani, ambaye hakumwacha hata alipotukanwa. Na mwishowe kijana aligeuka.

Jambo la pili ni hiari. Kupokewa peke yake hakutoshi. Kila asubuhi kwa miaka 60 Atiman alipaswa kuamka na kuchagua. Jeraha laweza kutueleza kwa nini mtu ametenda ovu, lakini halifuti ovu lenyewe. Kijiji kilichochomwa na aliyewahi kuchomewa kwao kimeteketea vilevile, na mama aliyepoteza mtoto hapo anastahili haki yake. Kwa hiyo nilimjibu yule binti hivi: "Mwanangu, jeraha ni kosa la aliyeumiza kwanza. Anachokifanya mwenye jeraha kwa mwenzake ni chake mwenyewe. Na kama sisi tulimwona akitokwa damu tukapita, sehemu moja ni yetu."

Sehemu moja ni yetu. Sasa nawaungamia, ndugu wasikilizaji. Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre kijana, nilikuwa na mtoto mmoja darasani kwa mafundisho ambaye aliwapiga wenzake kila siku. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nilimfukuza mbele ya wote, nikamwambia asirudi mpaka ajifunze adabu. Hakurudi. Baadaye katekista wangu, mzee mwenye hekima, akaniambia kwa upole: "Padre, ulipata kuutazama mgongo wa yule mtoto?" Sikuwa nimeutazama. Ulikuwa na alama za kijinga cha moto, na aliyemchoma ni yule aliyepaswa kumlinda. Nilimtafuta, alikwisha ondoka kijijini, hakuna aliyejua alikokwenda. Mpaka leo nikisoma habari za vijana waliokamatwa kwa ujambazi, natafuta jina lake, na nikilikosa nashukuru.

Sisemi kwamba ningemruhusu awapige wenzake. Wale nao walikuwa watoto wangu. Lakini ningeweza kumzuia mkono bila kumfungia mlango.

Wapendwa, Yosefu mwana wa Yakobo aliuzwa na ndugu zake kwa msafara wa wafanyabiashara, kama watu wetu walivyouzwa. Alipopata mamlaka Misri aliwalilia ndugu zake akawalisha, ijapokuwa aliwajaribu kwanza na moyo wake ulihangaika. Kusamehe kwake hakukuwa kwa siku moja. Na Injili ya leo inatuonyesha Bwana akisimama kati ya wafuasi waliomkimbia. Angeweza kufufuka bila alama yoyote mwilini. Lakini anamwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Alama za misumari zipo, ila hazidai kisasi. Neno linalotoka kwake ni amani.

Hiyo ndiyo tofauti ya kidonda na kovu. Kidonda kilichoachwa wazi huoza na kuambukiza. Kovu lingali kumbukumbu, pengine lauma wakati wa baridi, lakini limefunga, na mkono wenye kovu waweza tena kubeba mtoto. Mungu hatudai tusahau. Anataka kidonda kifungwe, na mara nyingi hukifunga kwa mikono ya watu.

Basi juma hili nawapeni kazi moja. Mwalimu, mzazi, katekista, mjumbe wa jumuiya ndogondogo: mtafute yule mtoto msumbufu kuliko wote. Kabla hujamwuliza amefanya nini, mwulize amefanywa nini, kisha ukae umsikilize. Nawe unayenisikiliza ukiwa umeumizwa, na labda umekwisha kuumiza wengine, usidhani mlango umefungwa. Njoo, hata kama mtu kama mimi aliwahi kukufukuza. Mlango ule haukuwa wangu kuufunga.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeyabeba makovu yako hata katika utukufu, uwapokee wote waliopita njia yetu wakiwa wamefungwa, nasi utufundishe kufunga vidonda vya wadogo kabla havijawa silaha. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.