Kuacha pombe si kazi ya mutu mumoja: neno letu kwa vijana wa Butembo na Beni



Munatujua. Njo sisi tunaopiga filimbi barabarani juu ya usalama, maji na mabarabara. Leo hatuanzi na serikali. Tunaanza na sisi wenyewe, na si rahisi. Kati yetu wako waliokunywa mpaka wakauza simu, wakauza godoro la mama. Tunasema "sisi", hatutaji nani. Mutaelewa kwa nini.

Tulimaliza masomo. Tulivaa toge, familia ikachinja mbuzi, ikaita majirani. Kisha tukazunguka na diploma ndani ya bahasha mpaka bahasha ikachanika. Wengine walishika motari, wengine wakarudi kulima. Lakini upande wa Beni, tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, mutu anaenda shambani akijua anaweza asirudi. Ebola ikaingia, Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Mei 2021 ikafuata état de siège. Kila mwaka na matanga yake, na kila matanga na pombe yake. Kanyanga bei yake ni chini na inafunga macho haraka. Lakini asubuhi wafu wetu wako palepale, na kazi bado hakuna.

Wako wanaosema: "Mufunge wamama wanaopika kanyanga!" Tuseme ukweli. Wengi wetu minerval yetu ililipwa na kasiksi na kanyanga ya mama. Hatuwezi kumwaga mutungi uliotusomesha, kisha tumuachie mama mikono mitupu. Tulichotaka sisi ni mahali ambapo mutu akisema "nimeshindwa", atapata wa kumusikiliza.

Tulitafuta. Huyu alituambia tuombe. Tuliomba, na maombi yalisaidia. Lakini mutu akianguka tena, anaogopa kurudi, macho ya watu yanamukula. Mwingine alitutuma kwa wanganga wa akili. Familia ikakataa: "Mutu wetu hana wazimu." Basi mwenzetu mumoja akaamua kuacha peke yake, ndani ya nyumba, mulango umefungwa. Siku ya pili akaanza kutetemeka, akaona vitu visivyokuwepo, mwili ukakakamaa. Tulimukimbiza hospitali kwa motari, amebanwa katikati ya watu wawili. Aliponea chupuchupu.

Hapo tulijifunza jambo ambalo tunaomba kila mutu alishike: aliyekunywa sana kila siku, kwa muda mrefu, asikate pombe gafula peke yake. Mwili umeizoea, na ikikatika gafula unaweza kuleta kifafa, hata kifo. Apitie kwanza kwa munganga, apate dawa na uangalizi siku za mwanzo. Kwenda kwa munganga wa akili si kuitwa mwenda wazimu. Hospitali inatoa pombe mwilini. Lakini siku anaporudi mutaani, nani atakaa naye?

Mwaka 1935, katika muji wa Akron, Marekani, walevi wawili, mumoja mutu wa biashara ya hisa, mwingine daktari wa kupasua, waligundua kwamba kila mumoja akizungumuza na mwenzake, hamu ya kunywa inapungua. Hapo kikazaliwa kikundi cha Alcoholics Anonymous, ambacho sasa kiko katika inchi nyingi sana. Hakuna pesa ya kuingia. Hakuna kutaja jina la mwenzako inje. Kinachoombwa ni moja tu: mutu atake kuacha.

Na musiseme ni mambo ya wazungu. Wazee wetu walikuwa na kyaghanda: watu wanazunguka moto, kila mutu anatoa neno lake.

Basi tulianza, watu 6, nyuma ya depo ya mahindi, kila Jumanne kabla ya giza. Juma la tano mumoja akakuja amelewa. Wengine walitaka kumufukuza. Tulibishana sana. Mwisho tulimuweka karibu na mulango: asikilize, asiseme. Juma lililofuata alikuja hajanywa, njo akaanza kusema. Hatuwadanganye: wawili kati yetu wameanguka tena. Kiti chao hatujakitoa.

Kama unatafuta kikundi, uliza kituo cha afya, uliza parokia, CBCA, musikiti. Kama hakuna karibu nawe, watu wawili wanatosha kuanza. Muchague siku moja musiibadilishe. Musikutane karibu na nganda. Yanayosemwa yabaki palepale. Na musichangishe pesa, maana pesa italeta magomvi.

Kwa wakubwa wa muji na wa zone za afya tunaomba mambo matatu: mutupe chumba, mutupe muuguzi mumoja anayejua ugonjwa huu, na vijana wapate kazi. Bila hiyo ya tatu, tutakuwa tunapangusa maji na bomba iko wazi. Hiyo tutaendelea kuidai barabarani, kama mulivyotuzoea.

Lakini Jumanne haitangoja serikali. Wewe unayesikiliza na mikono inatetemeka mufukoni, tumeiona, kwa sababu na yetu ilitetemeka. Kuja. Jina lako hatutaliuliza.