Mabaki ya Migodi na Maji ya Watoto Wetu

(Hotuba ya wakili mmoja mbele ya waumini na watetezi wa haki wa Kitui na Makueni)



Mmeniita niseme juu ya sheria, lakini naomba nianze na mto. Katika nchi yetu ya Ukambani, mto huwa mkavu juu na hai chini. Mvua ikikatika, maji hujificha ndani ya mchanga. Mama huja na mtungi wake, akafukua, akangoja, akateka. Ndiyo sababu vikundi vya mwethya, hapa Kitui na kule Makueni, vimejenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito hiyo, ili mchanga ujae na maji yadumu hata wakati wa kiangazi. Mchanga ndio ghala letu. Kitakachoingia humo leo ndicho watoto wetu watakachokunywa kesho.

Bonde la Mui lina makaa ya mawe. Vitalu C na D vilikwisha kukabidhiwa kampuni ya Fenxi ya China, na ingawa uchimbaji wa kibiashara haujaanza, mazungumzo juu yake hayajakoma. Tumeahidiwa ajira, fidia na mirabaha. Je, ni nani aliyetueleza mabaki ya mgodi yatawekwa wapi?

Makaa yakichimbwa na kuoshwa, hubaki mawe na tope laini. Mara nyingi mabaki hayo huwa na madini yenye salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji huzaa asidi. Nayo asidi huyeyusha metali zenye sumu kutoka mawe yenyewe. Tope hilo huzuiliwa nyuma ya ukuta. Mgodi utafungwa, mwekezaji atakwenda zake, lakini ukuta utabaki.

Wako wasemao kwamba nchi yetu ni kame, basi tope litakauka na mambo yatakwisha. Hiyo ni nusu ya ukweli. Tope kavu hupeperushwa na upepo hadi mashambani. Kisha huja mvua ya Novemba, kwa kishindo na kwa saa chache. Hiyo ndiyo siku ukuta unapopimwa.

Tazameni majirani. Huko Kilembe, Uganda, mabaki ya mgodi wa shaba yaliachwa kando ya mto Nyamwamba. Shaba ilikoma kuchimbwa tangu miaka ya 1980, lakini mafuriko ya mwaka 2013 na ya 2020 yalipita katika bonde hilohilo. Huko Mwadui, Tanzania, tarehe 7 Novemba 2022, kingo za bwawa la topesumu, kama waitavyo wenzetu, zilibomoka katika mgodi wa almasi, na tope likafunika makazi na mashamba. Nchini Zambia, Februari 2025, bwawa la mgodi wa shaba lilipasuka huko Chambishi, asidi ikaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Na huko Brumadinho, Brazil, tarehe 25 Januari 2019, watu 270 walikufa chini ya tope. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hao hawakupata hata nafasi ya kujenga.

Sasa sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, wala huhitaji kuthibitisha kwamba mtu amekwisha kudhurika. Huna haja ya kungoja maiti. Mwaka 2015, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kesi ya wakazi wa Bonde la Mui. Wakazi hawakupata walichoomba, lakini mahakama ilisisitiza kwamba kushirikisha umma kusiwe jambo la kutimiza desturi tu, na kwamba tathmini ya athari kwa mazingira lazima itangulie uchimbaji. Nayo Sheria ya Madini ya 2016 inadai dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi, pamoja na kuitengea jamii asilimia 10 ya mirabaha.

Basi tukiitwa barazani, tuulize haya. Ramani ya bwawa la mabaki iko wapi, na visima vya nani viko chini yake? Maji yetu yamepimwa kabla ya mgodi, ili baadaye tusiambiwe kuwa yalikuwa hivyo tangu zamani? Dhamana ni kiasi gani, na nani anaishika? Nani atalinda ukuta baada ya mgodi kufungwa? Majibu yaandikwe, yasomwe kwa Kikamba na Kiswahili, na nakala ikae parokiani.

Mnakumbuka habari za shamba la Nabothi. Alitoa hoja moja tu: kwamba ule ulikuwa urithi wa baba zake. Wenye nguvu waliandika barua, wakaitisha kikao, wakaleta mashahidi. Kila kitu kilifuata utaratibu isipokuwa haki. Sisi tuna kitu ambacho Nabothi hakuwa nacho: Katiba inayotusikiliza kabla ya kupigwa mawe. Tuitumie mapema, tungali na maji ya kunywa.