Mgeni, Mbwa na Shamba la Nyumbani

Ndugu wanavikundi, leo tuongee juu ya mtu anayehamia kijiji kigeni.

Mama mmoja alihamia kwetu akiwa na jembe na mbwa koko aliyemwokota sokoni. Watu wakasema, "Huyo ana kichaa, auawe!" Mama akalia. Sisi pia, tukiri, tuliogopa.

Hofu ile haikuwa ya bure. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakina dawa, kinaua. Lakini kinga ipo. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Akiuma mtu, osheni kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15, halafu mbio hospitali akadungwe sindano. Msipake majivu wala pilipili.

Basi tulimwita daktari wa mifugo, akamtazama mbwa yule, akamchanja. Kisha mwethya ukaingia shambani. Tukachimba mitaro ya fanya juu, udongo tukiutupa upande wa juu, ili maji ya mvua yasitoroke. Mama akapanda kunde na mbaazi, maana mbaazi huvumilia ukame. Sukuma akainyunyizia maji ya kuoshea vyombo. Usiku mbwa hufukuza nungunungu.

Sasa mama huyo anakula jasho lake, na ndiye mweka hazina wa kikundi.

Jameni, mkirudi nyumbani mjiulize: kijijini kwetu mbwa wangapi wamechanjwa? Na yule mgeni aliyehamia juzi, nani amempigia hodi?