Fungu la Nyanya na Kichuguu: Mada Kuhusu Ukungu wa Maneno



Mada hii ilianzia sokoni. Kuna mama mmoja ambaye nimekuwa nikinunua nyanya kwake kwa muda mrefu. Huzipanga kwa mafungu juu ya gunia, na bei ya fungu haikubadilika miaka yote hiyo: shilingi 500. Kilichobadilika ni fungu lenyewe. Nilipoanza kumzoea lilikuwa na nyanya saba. Baadaye likawa na sita, kisha tano. Siku moja nikakuta nne, tatu chini na moja juu. Nikamuuliza, "Mama, hili nalo ni fungu?" Akanijibu bila kuinua macho, "Ni fungu, mwanangu. Ukiona nimeweka tatu, hapo uniulize."

Nililipa nikaondoka, lakini jibu lile halikuniondoka. Kwa nini tatu?

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki Eubulides wa Mileto alipata sifa kwa mafumbo yaliyowakera wenzake. Mojawapo linahusu lundo la nafaka. Punje moja si lundo. Kisicho lundo, ukikiongezea punje moja tu, hakiwezi kugeuka lundo. Nani ameona punje moja ikifanya kazi hiyo? Basi mbili si lundo, tatu si lundo, na ukiendelea hivyo hata shehena nzima ya meli haitakuwa lundo. Geuza upande wa pili: mwaga gunia la mtama chini, hilo ni lundo. Ondoa punje moja, bado ni lundo. Endelea kuondoa mojamoja mpaka ibaki punje ya mwisho, nayo utalazimika kuiita lundo. Kila hatua ni ya kweli, au inaonekana hivyo, na mwisho wake ni upuuzi.

Wahenga wetu walikwishaukataa mwendo huo kwa pande zote mbili. Haba na haba hujaza kibaba; bandu bandu huisha gogo. Lakini tazameni hila iliyomo. Kibaba ni kipimo, na kipimo kina mdomo. Vibaba vinne vilifanya pishi, na muuza mchele alijua kibaba kimejaa pale punje zilipoanza kumwagika. Gogo nalo likiisha limeisha, hakuna cha kubishania. Methali zilichagua mahali penye ukingo. Eubulides alichagua makusudi mahali pasipo na ukingo.

Niseme kidogo kuhusu istilahi, maana najua kuna walimu wa lugha humu ndani watakaonidai. Neno "utata" tumelizoea kwa maneno yenye maana zaidi ya moja: kaa la moto, kaa wa pwani. Hilo silo ninalolizungumzia. "Lundo" lina maana moja na kila mtu anaijua. Tatizo ni kwamba maana hiyo haina kingo. Hali hiyo nitaiita ukungu. Aliyewahi kupanda kwenda Lushoto asubuhi ya baridi anajua kwamba yumo ndani ya ukungu, na anajua kwamba kule Mombo hakuwamo, lakini hawezi kutaja kona aliyoingilia.

Wanafalsafa na wanahisabati wamejaribu kuuondoa ukungu huu kwa njia nyingi. Nitagusa mbili. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, aliyekuwa akifundisha California, alipendekeza kwamba kitu kiweze kuwamo katika kundi kwa kiasi, kuanzia 0 hadi 1. Wazo hilo limefanya kazi nzuri sana kwa mafundi. Treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, ziliendeshwa kwa hesabu hizo tangu 1987, zikisifiwa kwa kusimama taratibu bila kuwayumbisha abiria. Lakini kama jibu la Eubulides, mimi haliniridhishi. Mtu wa miaka 40 ni kijana kwa kiasi gani: 0.3 au 0.31? Tuliukimbia mstari mmoja, tukaletewa maelfu.

Timothy Williamson wa Oxford, katika kitabu chake cha 1994, alichukua njia nyingine kabisa. Kwake yeye mstari upo. Kuna punje moja mahsusi inayogeuza kisicho lundo kuwa lundo, ila sisi hatuwezi kuijua. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Si mzaha. Inailinda mantiki ya kawaida, ile inayosema jambo ama ni kweli ama si kweli, na wanaoikataa hulipa gharama kubwa mahali pengine. Ninachouliza ni nani aliyeuchora mstari huo. Maana ya "lundo" imetokana na sisi tunaolitumia. Williamson anasema matumizi yetu ndiyo yameuchora, kwa namna iliyojificha tusiyoweza kuifuatilia. Siwezi kuthibitisha kwamba amekosea. Naona tu kwamba anatuomba imani nyingi.

Serikali hazina muda wa kungoja Williamson. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya 2007 ilisema kijana ni mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia miaka 18 na inakoma mtu anapotimiza 35. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, hutumia 15 hadi 24. Mtu wa miaka 16 aliyesimama Namanga, upande wa Tanzania, anaacha kuwa kijana akivuka mpaka kwenda Kenya, na hakuna chochote mwilini mwake kilichobadilika. Hatuchekeshwi na hilo kwa sababu tunajua mistari hiyo imewekwa kwa kazi fulani, ya kugawa mikopo au kuhesabu watu. Kosa huja pale mtu anapodhani kwamba sera imegundua ujana unaishia wapi. Sera haikugundua. Iliweka mdomo kwenye kibaba.

Hapa narudi kwa mama wa nyanya, maana fungu lake nalo si lundo la Eubulides. Yeye halikuti fungu, analipanga. Na jibu lake kuhusu tatu lina akili kuliko nilivyodhani. Nyanya tatu zinaweza tu kulala chini. Ni ya nne inayoweza kukaa juu ya wenzake bila kuporomoka. Mwanafalsafa W. D. Hart aliwahi kutetea kwa hoja za namna hiyohiyo kwamba lundo huanzia nne. Sidhani kwamba mama yule na Hart wamewahi kuonana.

Tuliache soko kidogo tuangalie namna akili inavyokusanya vitu. Waswahili tunafanya kazi hii kila tunapofungua kinywa, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli. Ndege ameruka, ndege imeruka. Kiambishi kimoja, na msikilizaji anajua kama ni kunguru au ni chombo kinachoelekea Dodoma. Kiboko amelala mtoni, kiboko kimening'inia ukutani. Ngeli ya KI-VI inamwachia mnyama wake avae umbo lake, lakini kwenye upatanisho anahamia kwa watu. Ni kama lugha inauliza kila mara: kitu hiki kina uhai au hakina?

Swali hilo nalo lina ukungu, na lugha inauonyesha waziwazi. Sikilizeni watu wakizungumza msibani. Huyu atasema "maiti amefika", yule "maiti imefika", na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Angalieni pia "virusi vya korona". Hatusemi "virusi wa korona", ingawa wadudu wanabaki "wadudu hawa". Wanabiolojia wanabishana kama kirusi kina uhai, na mtu angeweza kushawishika kusema kwamba Kiswahili kimekwishaamua. Nawaonya msikimbilie huko. Tunasema pia "vimelea vya malaria", na hakuna mwanabiolojia anayetilia shaka uhai wa vimelea hivyo. Nadhani lugha haipimi uhai wa maabara. Inapima kitu kinachoonekana kwa macho kikienda kwa hiari yake.

Eleanor Rosch, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba makundi akilini mwetu hayana uzio bali yana kitovu. Kuna wanachama walio karibu na kitovu na wengine walio pembezoni. Mwombeni mtoto achore ndege. Hatachora mbuni, na kuku ana nafasi ndogo, ingawa yuko uani kila siku. Ukweli ni kwamba wengi wetu tukisikia "tumekula ndege" hatufikirii kuku.

Basi kuna wanaosema: kama makundi hayana mipaka na akili ndiyo inayoyakusanya, vitu vyenyewe havipo. Mwanafalsafa Peter Unger alilisema hilo bila haya mwaka 1979: hakuna meza, hakuna mawe, kwa kuwa kila kimoja unaweza kukimega chembe kwa chembe mpaka kiishe bila kupata mahali kilipokoma. Ni hoja ya bandu bandu iliyogeuzwa kuwa elimu ya kuwapo. Na ndiyo ninayotaka kuipinga leo, kwa kutumia kichuguu.

Kwa macho, kichuguu ni lundo la udongo. Mchwa wa jamii ya Macrotermes hukijenga kikapita kimo cha mtu, na ndani yake hulima kuvu; mvua zikianza, uyoga wa kuvu hiyo huchomoza, nasi tunauchuma. Hakuna fundi mkuu. Malkia anatawala kwa jina. Kazi yake ni kutaga mayai. Mfaransa Pierre-Paul Grassé alieleza mwaka 1959 jinsi inavyowezekana: bonge la udongo lililowekwa na mchwa mmoja humchochea anayepita kuweka lake papo hapo, na la pili humvuta wa tatu. Kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo inayotoa amri. Mchwa wakiwa wachache, mabonge yanatapakaa ovyo. Wakizidi, nguzo zinaanza kusimama, zinainamiana, zinakuwa matao. Mwingereza George Henry Lewes alitafuta jina la mambo kama haya mwaka 1875, nasi tumezoea kuyaita uibukaji. Mwanafizikia Philip Anderson aliandika mwaka 1972 kwamba wingi ukiongezeka huleta sheria mpya, ambazo huwezi kuzisoma ndani ya kimoja kimoja.

Sasa mleteni Unger na kibandu chake. Toa bonge moja la udongo, kichuguu kipo. Toa la pili. Ukungu uko palepale na siukatai. Lakini toboa tundu kwa jembe uone. Askari wanatoka, vibarua wanafuata na udongo mdomoni, na kesho ukipita tundu limezibwa. Kichuguu kinajua palipobomoka bila kuhitaji neno letu "kichuguu". Fungu la nyanya, panya akiiba moja usiku, halifanyi lolote. Linangoja mama aje alfajiri aseme pamepungua. Umoja wa fungu unakaa kwa mama. Umoja wa kichuguu unakaa kwenye kichuguu. Vyote viwili vina kingo za ukungu, lakini sababu ya ukungu huo si moja, na kukosa mpaka hakukifanyi kimojawapo kuwa si kitu.

Hapa pia ndipo ninapotengana na Bertrand Russell, aliyesema mwaka 1923 kwamba ukungu ni wa maneno na picha tu, kamwe si wa vitu. Mchwa wangapi wanatosha ili ujenzi uanze? Hakuna mchwa mmoja aliyeuanzisha. Utawanyaji unageuka ujenzi polepole, na ungegeuka hivyo hata kama dunia isingekuwa na msemaji hata mmoja. Mfuasi wa Russell atanijibu kwamba kila bonge liliwekwa mahali pake na kwa wakati wake, na kwamba ukungu umo katika neno langu "kuanza" tu. Jibu hilo ni zito. Sijalimaliza, na ni mojawapo ya mambo ninayoyaleta kwenu mezani.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mama. Nne bado, tatu chini na moja juu. Nikalipa, akazimimina kwenye mfuko, kisha akachukua nyingine pembeni na kuitumbukiza humo. "Hiyo nyongeza," akasema. Nikamuuliza kama sasa fungu lina tano. Akacheka. "Fungu ni nne. Hiyo nimekupa."