Kulifuata Jua: Habari za Waingereza Waliohamia Australia



Leo nataka kuwaeleza habari za watu waliohama kwao, nao hawakufukuzwa na adui wala na njaa, bali wengi wao walihama kwa kutamani jua. Labda neno hili litawachekesha. Sisi jua la mchana tunalikimbia. Ifikapo saa saba kila mwenye akili hutafuta kivuli cha mwembe, na tukisema "leo jua kali" twasema kwa kulalamika. Walakini wako watu duniani waliouza vyombo vyao, wakawaaga wazee wao, wakavuka bahari kwa muda wa mwezi na zaidi, ili wakae mahali penye jua. Watu hao ni Waingereza, na nchi waliyoiendea ni Australia.

Kwanza tuulize, kwa nini walitoka? Ilipokwisha vita kuu mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda, lakini ilikuwa imechoka. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi mno, na watu wengi waliooana karibuni hawakuwa na mahali pa kukaa ila chumba kimoja katika nyumba ya wazee wao. Chakula kilikuwa cha kupimiwa kwa vibali. Mambo hayo ya vibali hayakwisha kabisa mpaka mwaka 1954. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1947 ilikuja baridi isiyosahaulika. Theluji ilifunika reli na barabara, makaa ya mawe hayakuweza kuchukuliwa, viwanda vikafungwa, na watu wakakaa gizani wamevaa makoti ndani ya nyumba. Mwezi Desemba mwaka 1952 moshi wa makaa ulichanganyika na ukungu juu ya mji wa London, ukakaa siku tano, hata mtu hakuweza kuona miguu yake mwenyewe, na maelfu wakafa kwa maradhi ya kifua. Basi mtu aliyekuwa katika hali hiyo, akaona ukutani picha ya ufuo mweupe, bahari ya buluu na watoto wenye afya wakicheza juani, moyo wake ulitikisika.

Pili, kwa nini Australia iliwataka? Nchi ile ni kubwa kabisa, lakini mwaka 1945 ilikuwa na watu wapata milioni 7 tu. Mwaka 1942 ndege za Wajapani ziliupiga mji wa Darwin kwa mabomu, na wakuu wa Australia wakaona hatari ya kuwa na pwani ndefu na watu wachache. Mwaka 1945 Serikali ya Bwana Ben Chifley ikaweka Waziri wa kwanza wa mambo ya wahamiaji, ndiye Bwana Arthur Calwell. Shauri lake lilikuwa fupi: tuijaze nchi watu, au tuangamie. Tena viwanda vilihitaji mikono ya kufanya kazi.

Basi Serikali mbili zikapatana, na tangu mwaka 1947 Mwingereza mzima aliyekubaliwa alilipa pauni 10 tu kwa safari nzima. Nauli iliyobaki ililipwa na Serikali. Nauli kamili ilikuwa yapata pauni 120, fedha ambazo fundi au karani hakuweza kuziweka akiba kwa upesi. Kwa hiyo wahamiaji hao wakaitwa kwa mzaha Wapom wa Pauni Kumi, maana Pom ni jina la utani ambalo watu wa Australia humwita Mwingereza. Kati ya mwaka 1945 na 1972 walikwenda zaidi ya milioni moja.

Lakini sikilizeni sharti lililofuata. Mhamiaji alipaswa kukaa Australia miaka 2. Akitaka kurudi kabla ya muda huo, ilimpasa kuirudishia Serikali fedha ilizomlipia, kisha ajitafutie nauli yake ya kurudia. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana na wa bei rahisi. Mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba na wa bei ghali. Wengi walilisoma sharti hilo, lakini wachache walilifikiri sana.

Safari yenyewe ilikuwa ya ajabu kwa watu ambao wengi wao walikuwa hawajapata kutoka katika nchi yao. Meli iliondoka Southampton au Tilbury, ikapita Port Said, ikaingia mfereji wa Suez, ikashuka bahari ya Shamu hata Aden, bandari ambayo mabaharia wetu wa pwani waijua sana. Toka huko ikavuka kwenda Colombo, kisha ikakata bahari kuu hata Fremantle, ndiyo bandari ya mji wa Perth. Ndani ya meli chakula kilikuwa tele, na watoto walicheza siku kutwa. Wengine husema kwamba majuma yale ndiyo yaliyokuwa ya raha kupita yote ya maisha yao.

Walipofika, jua walilikuta, picha haikuwadanganya. Mji wa Perth hupata jua karibu mara mbili ya lile la London. Lakini Waswahili husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wasio na jamaa wa kuwapokea walipelekwa katika kambi, na nyumba za kambi nyingi zilikuwa vibanda vya mabati vya askari, vyenye mgongo wa duara kama pipa lililopasuliwa katikati. Wakati wa jua bati liliwaka kama tanuru, na wakati wa baridi likawa kama barafu. Chakula kililiwa pamoja katika jumba moja, na akina mama waliotamani kupika chakula chao wenyewe hawakuwa na jiko. Wengine walikaa majuma machache, wengine mwaka na zaidi. Waliolalamika wakaambiwa kwamba Mwingereza kazi yake ni kunung'unika.

Hata hivyo haifai kusema kwamba walikosea wote. Wengi walipata kazi, wakajenga nyumba yenye bustani, wakaona watoto wao wakikua wenye nguvu. Nitawapa mfano mmoja ujulikanao na watu wote. Mwaka 1961 katika mji wa Barry, nchi ya Wales, alizaliwa mtoto wa kike, Julia Gillard. Alipokuwa mdogo aliugua maradhi ya mapafu, na wazazi wake wakashauriwa kwamba nchi ya joto itamfaa. Mwaka 1966 wakahamia Adelaide. Baba yake akafanya kazi ya kuuguza wagonjwa wa akili, na mama yake akafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 2010 mtoto yule wa kifua kibovu akawa Waziri Mkuu wa Australia, mwanamke wa kwanza kupata cheo hicho.

Lakini wako wengine ambao jua halikuwatosha. Yapata robo ya wahamiaji hao walirudi Uingereza. Sababu haikuwa njaa, wala mara nyingi haikuwa ukosefu wa kazi. Ilikuwa upweke. Mume alikwenda kazini akapata rafiki. Mke alibaki nyumbani katika mtaa mpya, hana mama, hana dada, hana jirani wa kumwazima chumvi. Barua ilichukua siku nyingi, na simu ilikuwa ya bei kubwa. Mzee alipougua Uingereza, habari ya kifo na ya maziko ilifika pamoja. Hata majira ya mwaka yalikuwa yamepinduka: Krismasi, ambayo kwao ni sikukuu ya baridi na moto wa mekoni, Australia huja wakati wa joto kuu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walakini jambo la ajabu ni hili: inasemekana kwamba karibu nusu ya wale waliorudi walifunga mizigo tena wakaenda Australia mara ya pili. Walipofika kwao waliona mvua ni ile ile, mtaa ni ule ule, lakini wao wenyewe si wale wale. Mtu akisha kuhama, huwa na nyumba mbili moyoni, na kila akaapo katika moja huikumbuka ya pili.

Sasa tulitazame jua lenyewe. Mwenyezi Mungu ameweka katika ngozi ya mwanadamu rangi ambayo ni kama mwavuli. Huizuia miale ya jua isiyoonekana kwa macho, isichome nyama iliyo ndani. Ngozi nyeusi ina mwavuli mzito. Ngozi nyeupe ya watu wa nchi za mawingu ina mwavuli mwepesi. Wahamiaji wale walilala ufuoni siku nzima wakifikiri kwamba wanaota afya. Miaka ikapita, na wengi wakaona madoa na vidonda vya saratani ya ngozi. Australia, pamoja na New Zealand jirani yake, ndizo nchi zinazopatwa zaidi na ugonjwa huo ulimwenguni. Mwaka 1981 watu wa afya walianza kuwafundisha watu kwa wimbo na picha ya ndege shakwe: vaa shati, jipake dawa ya ngozi, vaa kofia. Hivyo kitu kile kile kilichowavuta toka mbali, ikawapasa kujifunza kujikinga nacho. Nanyi mlio na ndugu zeruzeru mwalijua jambo hili tangu zamani. Kofia pana na shati la mikono mirefu kwao si pambo, ni uhai.

Liko jambo jingine ambalo haifai kulificha. Mlango ule wa pauni 10 haukufunguliwa kwa kila mtu. Tangu mwaka 1901 Australia ilikuwa na sheria ya kuwazuia watu wasio weupe wasiingie. Nayo sheria haikutaja rangi kwa wazi, ilitumia imla. Wanafunzi mwajua imla: mwalimu husoma, nawe waandika. Basi msimamizi bandarini aliweza kumsomea mgeni maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua mwenyewe, na aliyeshindwa akarudishwa. Mgeni ajuaye Kiingereza angeweza kupewa lugha asiyopata kuisikia. Imla hiyo iliondolewa mwaka 1958, na mabaki ya desturi hiyo ya kubagua yalifutwa mwaka 1973. Tena wenyeji wa asili wa nchi, walioishi chini ya jua lile zaidi ya miaka 50,000, hawakuulizwa shauri juu ya wageni waliokuwa wakiletwa. Na wako watoto wa Kiingereza, maelfu, waliopelekwa huko bila wazazi, wengine wakiambiwa kwamba wazazi wao wamekufa hali wako hai. Wengi waliteswa katika nyumba za watoto. Serikali ya Australia iliwaomba radhi mwaka 2009, na Serikali ya Uingereza mwaka 2010.

Mpango ule umekwisha. Mwaka 1973 malipo yalipandishwa, na mwaka 1982 msaada wa nauli ukakomeshwa. Lakini hamu ya kuhama haikwisha, wala si ya Waingereza peke yao. Katika vijiji vyetu pia wako vijana waonao picha ya nchi ya mbali, mji wenye taa au kazi yenye mshahara mkubwa, wakatamani kwenda. Simwambii mtu asiende. Wazee wetu wenyewe walisafiri kwa kaskazi na kusi, na pwani yetu ilijengwa na watu waliotoka na watu waliokuja. Ila namwambia aulize maswali manne, ambayo Waingereza wengi waliyauliza baada ya kufika.

La kwanza: mkataba huu wanifunga muda gani, nami nikitaka kutoka nitalipa nini? La pili: nitalala wapi usiku wa kwanza, na mwezi wa kwanza? La tatu: nani atamtazama mama akiugua, nami habari nitaipataje? La nne: kitu hiki kinivutacho, kikiwa changu kila siku, kina madhara gani? Mwenye kupata majibu ya maswali haya na aende kwa amani. Hata akikutana na shida, haitamkuta amelala.

Na ninyi mtakaobaki, msidhani kwamba kazi yenu ni kungoja tu. Waliovumilia ugenini ni wale waliopata barua. Mwandikieni aliye mbali, mkamweleze habari za kisima kilichochimbwa, ng'ombe aliyezaa, na mtoto aliyeanza kusoma. Mambo hayo kwenu ni madogo, lakini kwake yeye ndiyo nyumbani.

Jua ni moja, nalo humwangazia Mwingereza wa London nyuma ya mawingu kama limwangaziavyo mkulima wa Tanga shambani. Jirani ajuaye jina la mama yako ni vigumu zaidi kumpata ugenini kuliko jua.